Jino Lililonipeleka Mjini

Wakaguzi wa afya walifika shuleni kwetu asubuhi moja ya baridi kali, mahindi yakiwa yameshavunwa na upepo wa Ufipa ukipita kwenye mabua makavu bila kitu cha kuuzuia. Nilikuwa darasa la pili. Kijiji chetu kilikuwa mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Mpui, na sisi watoto tulijua kwamba mgeni mwenye koti jeupe maana yake ni sindano. Tulipopangwa mstari, wengine walianza kulia kabla hawajaulizwa neno.

Safari hiyo sindano haikuwepo. Alikuwepo mwanamume mwembamba aliyevaa sweta zito ndani ya koti lake, ameketi uwanjani kwenye kiti cha mwalimu mkuu. Kila mtoto alifika mbele yake, akaamkia, akafungua mdomo. Yeye alichungulia, akaandika kidogo, akasema, "Mwingine." Kwangu hakusema mwingine.

"Uma meno," aliniambia. "Uma kama unatafuna."

Nikauma.

"Fungua. Uma tena."

Nyuma yangu watoto walianza kucheka, maana walijua anachokitazama. Jino langu moja la mbele, la juu, lilikuwa limeota kwa ndani, nyuma ya jino la utoto lililokataa kung'oka. Nikifunga mdomo, lile jino jipya lilikwenda kujificha nyuma ya meno ya chini, na taya lote la chini likaja mbele kidogo. Wenzangu walisema mdomo wangu ni bakuli, mvua ikinyesha unakinga maji.

"Baba yako yuko wapi?"

"Yuko nyumbani."

"Nenda kamwite. Mwambie daktari wa meno anataka kumwona kabla hajaondoka."

Nilikimbia. Baba alikuja na matope ya bustani miguuni, akasimama mbele ya yule daktari kofia mkononi. Nilimwona daktari akimtazama usoni, kisha akanitazama mimi, kisha akamtazama yeye tena. Baba alikuwa na mdomo ule ule. Alikuwa mtu mrefu, mwenye nguvu, anayesikilizwa kijijini, lakini sikuwahi kuona meno yake akicheka. Kikimjia kicheko, kiganja kilipanda chenyewe kikafunika mdomo. Nilidhani ndivyo wanaume wote wanavyocheka.

"Mtoto huyu akitibiwa sasa," daktari alimwambia, "jino bado linaota, mfupa bado laini, ni kazi ndogo. Akiachwa mpaka awe mkubwa, ni kazi ya Dar es Salaam, au isiwezekane kabisa. Na jino la chini linasukumwa kila anapokula. Fizi yake itashuka."

Baba aliigeuza kofia mkononi. Halafu akauliza swali moja tu.

"Kumbe yanatibika?"

Jioni ile nyumbani palikuwa na maneno. Bibi, mama yake baba, alisema jino ni jino, kama linatafuna liachwe lilivyo. Mama alikuwa mjamzito; aliendelea kuchekecha unga wa ulezi. Ndipo baba alipotueleza jambo ambalo nadhani hata mama hakuwa analijua. Alipokuwa kijana alichaguliwa kusoma somo kanisani. Alisoma Jumapili moja. Baada ya misa vijana wenzake walisimama chini ya mti wakiigiza jinsi anavyotamka maneno, ulimi ukitoka pembeni. Hakupanda tena kwenye mimbari, ingawa padri alimtuma mtu mara mbili kuja kumwita.

"Mimi hakuna aliyeniambia kwamba yanatibika," alisema. "Huyu ameambiwa."

Miaka ile biashara ya mahindi ilikuwa imefunguliwa. Zamani tuliuzia chama cha ushirika peke yake, tukangoja malipo. Sasa malori ya watu binafsi yalipita vijijini kununua mpaka mlangoni. Lori lililotoka Laela likiwa na magunia ya watu wengine lilitupakia Mpui, mimi na baba, tukakaa juu ya magunia mpaka Sumbawanga. Njia nzima baba alishika mgongo wa sweta langu. Vumbi lilikuwa jingi na yeye hakuwa mtu wa maneno.

Chumba cha meno kilikuwa mwisho wa ukumbi mrefu wa hospitali, na kilikuwa na kiti kimoja cha chuma, kabati la vioo na dirisha linalotazama mikaratusi. Yule yule daktari alinichoma ganzi, akang'oa lile jino la utoto kabla sijamaliza kuogopa. Kisha akatoa kijiti bapa cha mbao, kile wanachokandamizia ulimi wakitaka kukutazama koo.

"Ningekuwa na vifaa ningekutengenezea kitu cha kuvaa mdomoni," alisema. "Hapa sina. Nina kijiti hiki, na wewe una subira yako. Tazama."

Alinionyesha mbele ya kioo. Ncha ya kijiti inaingia nyuma ya jino la juu lililokosea, kijiti kinaegemea jino la chini, kisha mkono unashusha mpini taratibu kuelekea kidevuni. Jino la juu linasukumwa mbele. Hesabu mpaka mia. Pumzika. Rudia. Saa mbili kila siku, kwa vipande vya nusu saa, na kila Alhamisi nije alitazame.

"Kwa muda gani?" baba aliuliza.

"Lingekuwa ndiyo kwanza linachomoza, ningesema wiki mbili. Limeshafika nusu. Miezi miwili, mitatu."

Baba alinipeleka kwa shangazi, dada yake, mjane aliyekuwa akiuza mitumba sokoni. Alikunywa chai, akaomba maji ya kunawa uso, akaniambia niwe binti msikivu. Nilimsindikiza mpaka barabarani. Nilitegemea atageuka pale kwenye kona ya mashine ya kusaga. Hakugeuka. Nilikaa pale nikitazama kona ile mpaka mwanamke mmoja mwenye ndoo akaniuliza kama nimepotea.

Shangazi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka. Alitoka asubuhi na robota lake la nguo, akarudi jua likizama, na hakuwa na watoto. Mimi nilikuwa nasoma zamu ya mchana kwenye shule ya jirani, kwa hiyo asubuhi zote nilikuwa peke yangu. Nilikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, nimeelekea ukuta wa matofali mabichi wa jirani, kijiti mdomoni, nikihesabu. Mate yalitiririka mpaka kwenye kiwiko. Pembe za midomo zilipasuka kwa baridi. Ng'ambo ya ukuta redio iliimba na watoto wa jirani walicheza, nami nikajua majina yao yote na ugomvi wao wote bila wao kujua kwamba kuna mtu upande huu.

Niliwahi kuhesabu vibaya kwa makusudi, nikaruka kutoka sitini mpaka tisini. Kisha nikaona aibu, ingawa hapakuwa na wa kunishtaki, nikaanza upya.

Shuleni ilikuwa vigumu zaidi. Siku ya kwanza msichana mmoja mkubwa alinijia akaniambia, "Mambo?" Sikuwa nimewahi kusalimiwa hivyo. Kwetu mkubwa anaamkiwa, basi nikapiga goti kidogo nikasema, "Shikamoo." Darasa zima lilianguka kwa kicheko. Kuanzia hapo kila nilipofungua mdomo walingoja. Kiswahili changu kilikuwa cha nyumbani kwetu, chenye Kifipa ndani yake, na juu yake lilikuwapo lile jino na pengo jipya mbele yake. Mwalimu akiniuliza swali, jibu langu lilirudiwa nyuma ya darasa kwa sauti ya kuigiza kabla hajalipokea.

Nikaanza kwenda na kijiti shuleni. Wakati wa mapumziko nilisimama kando ya ukuta nikakitia mdomoni. Niligundua kwamba mtu mwenye kijiti mdomoni haulizwi kitu. Baada ya majuma machache wanafunzi wapya walidhani mimi ni bubu, na hakuna aliyewasahihisha. Mwalimu naye, alipokuwa akizungusha maswali kwenye dawati langu, alinipita akaenda kwa aliyefuata. Nilifanya mazoezi yangu saa nne kwa siku badala ya mbili. Daktari alidhani ni bidii.

Alhamisi ndiyo ilikuwa siku yangu. Nilifika mapema nikakaa kwenye benchi nje ya chumba cha meno mpaka daktari aniite. Alikuwa mtu wa pwani, na baridi ya Sumbawanga ilimtesa. Alikuwa akipuliza mikono yake kabla ya kunigusa kidevu. Alichungulia kwa kioo chake kidogo, akapima kwa kipande cha uzi, akauweka uzi ule juu ya rula.

"Limesogea upana wa unywele," alisema mara ya kwanza. "Usicheke. Unywele ni kitu kikubwa sana katika kazi hii."

Alinieleza mambo ambayo hakuna mtu mzima aliyewahi kunieleza: kwamba jino halijapigiliwa kama msumari, linaelea katika mfupa, na ukilisukuma polepole mfupa unalipisha, kwamba ukilisukuma kwa pupa linaumia na kufa. Alisema itafika siku ncha itakutana na ncha, jino la juu na la chini yatagongana, na hapo kula kutauma na wengi hukata tamaa. "Hapo ndipo pa kuvumilia. Likishavuka, umemaliza. Meno ya chini yenyewe yatalizuia lisirudi."

Alhamisi moja aliniuliza, "Mbona huongei, mwanangu?"

Nikaonyesha kijiti kilichokuwa mkononi.

"Lakini sasa hivi hakimo mdomoni."

Akavuta kiti chake karibu, akaniambia kwamba ana binti wa rika langu, Tanga, kwa mama yake. Alipomwona mara ya mwisho meno ya mbele yalikuwa hayajang'oka. "Sasa atakuwa ameshaota mapya, na mimi ninayechungulia midomo ya watoto wa watu sijui yamekaaje." Alicheka, kisha akatazama mikaratusi dirishani. Nikamwambia, "Labda yamenyooka." Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote nilizosema wiki ile.

"Labda," alisema. "Ahsante."

Vijiti alivyonipa daktari vilipoanza kuniishia, shangazi alinishtua. Nilidhani hajui hata ninafanya nini siku nzima. Jioni moja alirudi na kipande cha mwanzi mkavu, akaketi jikoni akakichonga kwa kisu cha mboga, akakisugua juu ya jiwe mpaka kikawa laini kama kijiko, akakichemsha kwenye sufuria.

"Fungua nione kama kinaingia."

Nikafungua. Aliona zile pembe za midomo.

"Tangu lini umepasuka hivi na huniambii?"

Alichota mafuta ya kupaka kwa kidole akanipaka, upande huu, upande huu. Mikono yake ilinuka nguo za marobota. Nilitamani aendelee, lakini maharage yalikuwa yanaungua.

Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha nilipoenda Alhamisi moja nikakuta chumba kimefungwa kwa kufuli. Nilikaa kwenye benchi. Watu walipita. Mwishowe mama mmoja aliyekuwa akipiga deki ukumbini alifika na ndoo yake miguuni pangu.

"Unamngoja nani, mwanangu?"

"Daktari wa meno."

"Hayupo. Wamempunguza. Wamepunguza wengi. Juzi amepanda basi la Mbeya."

"Atarudi lini?"

Aliuegemeza mpini wa deki ukutani. "Mtu akipunguzwa kazi, mama, harudi."

Nikamuuliza kama ameacha ujumbe wowote kwa mtoto wa kijiti. Aliingia ofisi ya jirani akauliza. Nilimsikia akiuliza kwa makini kabisa, kama mtu anayeulizia jambo kubwa. Akatoka akitikisa kichwa. Leo naelewa kwamba mtu aliyekuwa anafunga maisha yake katika sanduku moja hangeweza kukumbuka kila mdomo aliouchungulia. Siku ile sikuelewa. Nilirudi kwa shangazi, nikakitupa kijiti juu ya paa la choo, na sikumwambia mtu.

Sikufanya kitu siku tisa. Nilikaa kwenye ngazi ile ile, nikatazama ukuta ule ule, mikono mitupu, na ndipo nilipogundua kwamba asubuhi bila kuhesabu ni ndefu zaidi. Siku ya kumi nilikuwa nakula kiporo cha ugali wa ulezi, nikauma, maumivu yakapanda mpaka puani. Nikauma tena polepole. Ncha ilikuwa imekutana na ncha. Jino lilikuwa limefika pale daktari alipopasema, na lilikuwa limefika bila mimi wala yeye kujua.

Nilipanda juu ya jiwe la kufulia, nikakitafuta kijiti juu ya paa kwa ufagio. Kilikuwa kimelowa, kina ukungu. Nikakichemsha.

Majuma yale mawili yaliyofuata ndiyo magumu kuliko yote niliyopitia utotoni. Sikuweza kutafuna. Nilikunywa uji, nikalowesha ugali kwenye mchuzi wa dagaa nikaumeza hivyo hivyo. Hakukuwa na Alhamisi. Nilijipima mwenyewe kwa uzi niliouchomoa kwenye shati la mitumba, mbele ya kipande cha kioo cha shangazi, na sikuwa na uhakika kama naupima vizuri. Nilijisemea hata maneno ya daktari. Nilipomaliza kupima nilisema kwa sauti, peke yangu chumbani, "Upana wa unywele. Usicheke."

Lilivuka Jumapili, kanisani. Kwaya ilikuwa inaimba, nami nilifunga mdomo kumeza mate, nikasikia meno yamekutana mahali ambapo hayajawahi kukutana. Nikadhani nimekosea. Nikafungua, nikafunga. Jino la juu lilikuwa nje. Nilipitisha ulimi nyuma yake, palikuwa na nafasi, kama chumba ambacho kimehamwa. Nilimvuta shangazi kitenge.

"Shh. Subiri."

Nilisubiri. Misa ilipokwisha alikutana na wenzake wa sokoni, wakaanza kuzungumza habari za robota lililofika kutoka Tunduma, akaniambia tangulia nyumbani. Nikatembea nikiwa nimefunga mdomo, nikiogopa nikiufungua litarudi. Nyumbani nilijitazama kwenye kioo. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Ng'ambo ya ukuta watoto wa jirani walikuwa wanagombania mpira, na nikafikiria kupanda juu ya jiwe niwaonyeshe, lakini wao hawakujua jino lilivyokuwa kabla.

Shangazi aliporudi jioni alinigeuzia uso kwenye mwanga wa moto, akatazama muda mrefu.

"Haya," alisema. "Mungu ni mwema. Sasa kula."

Alhamisi nilikwenda hospitali hata hivyo. Nilikaa kwenye benchi kama nusu saa mbele ya lile kufuli. Yule mama wa deki hakuwepo.

Baba alikuja shule zilipofungwa. Hakuingia ndani kwanza, alisimama mlangoni akasema, "Uma." Nikauma. "Fungua. Uma tena." Akaniinua nikiwa mkubwa kiasi kile, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akacheka, na kiganja kikapanda kikafunika mdomo wake.

Kisha wakazungumza, yeye na shangazi, mimi nikiosha vikombe nje. Aliniita.

"Utaendelea kukaa na shangazi yako. Shule ya huku ina madawati na walimu wapo. Kwetu mwalimu mmoja amekwenda Milepa kulima, hajarudi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka umalize."

Nilimtazama shangazi. Alikuwa akikunja nguo, hakuinua macho. Niliondoka nyumbani kwa ajili ya jino moja, kwa miezi mitatu. Sikuishi tena katika nyumba ya wazazi wangu. Darasa la saba lilinikuta mjini, kisha bweni, kisha kazi. Baba sikumlaumu. Nilipokuwa na mshahara wangu nilimwambia twende Mbeya, daktari amtazame na yeye. Akaniambia meno yake yameshamzoea na yeye ameyazoea.

Lakini Krismasi ile baba alinichukua kwenda nyumbani kwa majuma mawili. Mama alikuwa amejifungua. Mdogo wangu nilipompakata alilia, akarudishwa kifuani pa mama. Bibi alinisalimia kwa Kifipa, nami nikamjibu kwa Kiswahili kabla sijajitambua. Akasema, "Mgeni wetu," kwa upole. Niliamua nisimwambie mama habari za jino. Nilitaka alione mwenyewe. Siku ya kwanza aliona viatu vyangu. Siku ya pili aliona kwamba nimekonda. Siku ya tatu alinikalisha katikati ya magoti yake anisuke, akanishika kidevu kuniinua kichwa, na mkono wake ukasimama.

"Geuka," alisema.

Nikageuka. Alinipangusa midomo kwa kidole gumba.

"Zamani ulifanana na baba yako," alisema. Akanigeuza tena, akaendelea kusuka.

Januari, lori la mahindi lilinichukua pale barabarani Mpui. Safari hiyo baba hakupanda. Alinikabidhi kwa mama mmoja wa Laela aliyekuwa akienda mjini, akamwomba anishike sweta. Mama yangu alisimama upande wa pili wa barabara na mtoto mgongoni, kwa sababu ya matope ya magurudumu. Niliita, nikamwambia nitarudi Pasaka. Injini ilikuwa inanguruma. Aliweka mkono sikioni kuonyesha kwamba hasikii, nami nikaita tena, kwa sauti kubwa kuliko ya kwanza, na lori likaondoka.